Reli na Kalamu: Ukoloni Unaeleza Nini, na Unaishia Wapi

Siku ya tano baada ya Kongo kupata uhuru, Jenerali Émile Janssens aliwakusanya askari wake mjini Léopoldville (Kinshasa ya leo), akashika chaki na kuandika ubaoni: kabla ya uhuru = baada ya uhuru. Alitaka waelewe kwamba bendera imebadilika, lakini kambini hakuna kilichobadilika. Jeshi lile, Force Publique, halikuwa na ofisa hata mmoja Mkongo. Waliovaa nyota mabegani wote walikuwa Wabelgiji. Usiku huo haukupita salama. Askari waliasi, maasi yakasambaa kambi hadi kambi, raia wa Kibelgiji wakaanza kukimbia, askari wa miavuli wakaletwa kutoka Ubelgiji, na tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga, jimbo la shaba, limejitenga. Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliondolewa madarakani Septemba, na tarehe 17 Januari 1961 akauawa.

Naanzia hapo kwa makusudi. Wanaosema kwamba matatizo yote ya Afrika huru yaliletwa na ukoloni hawana shahidi mzito kuliko Kongo. Nchi kubwa kiasi kile, imetawaliwa miaka 75, kwanza kama shamba la Mfalme Leopold na baadaye kama koloni la Ubelgiji, halafu siku ya kukabidhiwa funguo wenyeji waliohitimu chuo kikuu hawafiki 30. Hapo hata anayewalaumu viongozi wetu usiku na mchana hana budi kunyamaza kidogo.

Ila shahidi huyo huyo akiendelea kuhojiwa, anaanza kusema mengine. Mobutu alichukua nchi Novemba 1965, akaiachia Mei 1997. Hiyo ni karibu miaka 32. Kampuni ya Kibelgiji iliyochimba shaba ya Katanga ilitaifishwa mapema 1967, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya muda huo fedha za shaba zilipitia mikononi mwa serikali ya Kinshasa. Chaki ya Janssens iliandika ukurasa wa kwanza, na pengine wa pili. Haikuandika kitabu kizima.

Mjadala huu tumeuzoea, na ndiyo maana umechakaa. Upande mmoja ukisikia barabara mbovu unasema mkoloni. Upande wa pili unajibu: mmejitawala miaka 60 na ushee, acheni kulialia. Pande zote mbili zinauchukulia ukoloni kama gunia moja, ama ulibebe lote ama ulitue lote. Mimi naona lile gunia lina vitu visivyofanana kabisa, na kabla ya kubishana nani alaumiwe, tulifungue tuvitenge.

Kipimo changu ni chepesi. Katika kila kitu ambacho serikali changa ilirithi, nauliza: kukiondoa kulihitaji nini? Kuna vitu vilivyohitaji kizazi kizima na fedha ambazo hazikuwepo. Hivyo naviita reli. Na kuna vitu vilivyohitaji saini ya mchana mmoja tu. Hivyo naviita kalamu. Ukoloni unaeleza sana habari za reli. Habari za kalamu zinawahusu wale walioishika.

Tuanze na reli, na tuanze na reli yenyewe. Ile ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901. Chukua ramani ya Afrika ya mwaka 1960 uitazame njia zake za reli: karibu zote zinatoka bandarini na kuingia bara, kama mirija iliyochomekwa kwenye dafu. Ni chache mno zinazounganisha nchi na jirani yake. Mji ulioguswa na njia ile ulipata shule, ghala, hospitali na soko. Ulioachwa kando uliachwa kweli kweli. Waziri wa mawasiliano wa mwaka 1961 angeweza kuamka na nia njema kuliko watu wote duniani, bado asingeihamisha.

Watu nao ni reli. Julius Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961 ilikuwa na wahandisi wazalendo 2 na madaktari 12. Daktari hapatikani kwa amri. Mtoto aingie shule ya msingi, apande darasa hadi darasa, aende chuo, afanye kazi chini ya waliomtangulia. Ukimwanzisha siku ya uhuru, anakuwa daktari unapokaribia mwaka wa 20 wa uhuru. Katika muda wote huo wagonjwa hawasubiri.

Zao la nchi ni reli pia. Mkonge haukuwa mmea wa huku. Uliletwa Tanganyika mwaka 1893, enzi za Mjerumani, ukitokea Amerika, na kufikia miaka ya mwanzo ya uhuru nchi ilikuwa inaongoza duniani kwa kuuzalisha. Fedha za kigeni zilining'inia kwenye kamba hiyo moja. Halafu viwanda vya ng'ambo vikageukia kamba za plastiki, na bei ya mkonge, iliyokuwa nzuri hadi mwaka 1964, ikaporomoka. Nani alaumiwe? Mkoloni aliyeifanya nchi itegemee zao moja, ndiyo. Teknolojia mpya ambayo haikumlenga mtu yeyote, ndiyo. Na mwaka 1967 Serikali ikataifisha sehemu kubwa ya mashamba wakati bei imeshaanguka, ikajitwisha biashara iliyokuwa inazama bila kuwa na mameneja wa kutosha wa kuiendesha. Hiyo ya tatu ni kalamu. Mkulima wa mkonge hakuwa na njia ya kutenganisha mikono hiyo mitatu. Yeye aliona mshahara umekatika.

Ardhi ya Kenya inakaa katikati, na naikiri mapema kwa sababu inakisumbua kipimo changu. Kalamu ingetosha kusema ardhi ya walowezi irudi kwa wenyewe. Lakini uhuru wenyewe ulikuja na masharti yake: walowezi walipwe. Mpango wa ekari milioni moja uliendeshwa kwa fedha za Uingereza na Benki ya Dunia, sehemu kubwa ikiwa mikopo, na familia zilizopewa vishamba zilianza maisha ya uhuru zikiwa na deni la kununua udongo ambao babu zao walifukuzwa juu yake. Hapo kalamu ilikuwepo, lakini mtu mwingine alikuwa ameshika wino.

Sasa nije kwenye tukio ambalo kwangu ndilo lenye mafunzo kuliko yote, na ambalo nashangaa halitajwi sana kwenye mjadala huu. Wiki moja ya Januari 1964.

Tanganyika, Uganda na Kenya zilirithi jeshi moja. King's African Rifles, au Keya kama wazee walivyoliita, lilikuwa na vikosi katika nchi zote tatu: mafunzo yale yale, maofisa wa Kiingereza wale wale, manung'uniko yale yale. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliwafungia maofisa wao wa Kiingereza, wakaingia mjini Dar es Salaam na kushika sehemu muhimu. Madai yao hayakuwa ya itikadi. Walitaka mshahara upande kutoka shilingi 105 kwa mwezi, na walitaka Waingereza waondoke ili Waafrika wapandishwe vyeo. Rais alifichwa. Waziri Oscar Kambona alitoka kwenda kuzungumza nao. Kesho yake Tabora nayo ikaasi. Tarehe 23 wakafuata wenzao wa Jinja, Uganda, na tarehe 24 wa Lanet, Kenya. Serikali zote tatu, zikiwa bado changa kabisa, zililazimika kumwomba mkoloni wa juzi alete askari wake kuzima moto. Nyerere hakuficha kwamba ilikuwa aibu.

Mpaka hapo ni reli tupu. Jeshi lisilo na maofisa wazalendo, linalolipwa kidogo, lililofunzwa kumtii Mzungu: huo ni urithi, na Janssens alishatuonyesha mfano wake. Lakini angalia kilichofuata, maana sasa kalamu ziko tatu.

Tanganyika ililivunja jeshi zima. Likajengwa jipya, kwa sehemu kubwa kutoka kwa vijana wa TANU, na kufikia Septemba 1964 palikuwa na Jeshi la Wananchi ambalo askari wake waliruhusiwa kuwa wanachama wa chama na kufundishwa siasa. Unaweza kulikosoa jeshi la namna hiyo, na mimi ningelikosoa kwa kuichanganya dola na chama hadi visitenganike. Kenya iliwafikisha wakorofi mahakama ya kijeshi, ikabaki karibu na Uingereza kwa mafunzo na mikataba, na kupandisha maofisa wake taratibu. Uganda, ambako askari walimshikilia waziri Felix Onama mpaka akakubali kuwapa walichotaka, ilipandisha mishahara, ikaharakisha vyeo, na kuanzia hapo wanasiasa wakaanza kulibembeleza jeshi na kulitumia. Idi Amin, mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa uofisa, akapanda ngazi. Mwaka 1966 Milton Obote alilitumia jeshi hilo kuivamia kasri ya Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa safarini Singapore, jeshi likamgeukia mwenyewe.

Urithi mmoja, wiki moja, njia tatu. Ingekuwa ukoloni peke yake unaeleza, nchi zile tatu zingefanana. Hazikufanana hata kidogo. Na sisemi kwamba Uganda ilikosa akili. Kulikuwa na Buganda, kulikuwa na mfumo wa katiba uliomweka Kabaka na Waziri Mkuu katika kiti kimoja, na hayo nayo Mwingereza alikuwa ameyafuma kwa mkono wake. Lakini uamuzi wa kulitumia jeshi kumaliza ugomvi wa kisiasa ulifanywa Kampala, na waliokuwa na majina yanayojulikana.

Hebu tushike kalamu yenyewe sasa.

Mkoloni aliacha rundo la sheria ambazo kazi yake ilikuwa moja: kumfanya mtawala asihojiwe. Sheria ya kumhamisha mtu kwa nguvu kutoka wilaya yake hadi nyingine. Sheria ya kuadhibu kijiji kizima kwa kosa la mmoja. Mamlaka ya chifu kumwamuru mwanakijiji alime nini, akusanyike wapi, atembee saa ngapi. Kibali cha kufanya mkutano. Wanasiasa waliopigania uhuru walizijua sheria hizo kwa migongo yao, wengine waliwekwa ndani kwa sheria hizo hizo. Ungetegemea siku ya kwanza bungeni wazirarue.

Baadhi wakaziongezea. Ghana ilipata uhuru Machi 1957, na mwaka uliofuata ikapitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. J. B. Danquah, mmoja wa wanasiasa wakongwe waliofungwa na Waingereza pamoja na Kwame Nkrumah mwaka 1948, alifia kizuizini Nsawam mwaka 1965. Tanganyika ilitunga sheria kama hiyo mwaka 1962, haijamaliza mwaka wa uhuru. Kenya ilijipatia uwezo huo mwaka 1966, na sheria ya mamlaka ya machifu ya enzi za gavana iliendelea kutumika mpaka ilipopunguzwa makali mwaka 1997. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 kuangalia kama Tanzania irudi kwenye vyama vingi, ilikuta sheria 40 za kukandamiza zinazohitaji kufutwa au kurekebishwa. Miongoni mwake ilikuwamo ile ya kuhamisha watu, iliyotungwa mwaka 1921. Miaka 30 ya uhuru ilikuwa imepita, na kuifuta kulihitaji karatasi moja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema tulirithi dola katili hivyo hatukuwa na la kufanya. Tulirithi kweli. Lakini mrithi hupekua sanduku. Angalia kilichotupwa na kilichobakizwa: majina ya mitaa yalibadilishwa haraka, sanamu ziliondolewa, picha kwenye noti zilibadilika. Bwana DC akawa mkuu wa wilaya, akabaki kwenye nyumba ile ile juu ya kilima, na uwezo ule ule wa kumweka mtu ndani. Kilichomfaa mtawala kilibaki. Kilichomwudhi machoni kilitupwa.

Mfano unaoniumiza zaidi ni wa kadi. Kenya ya mkoloni ilikuwa na kipande. Kuanzia baada ya Vita ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kubeba hati yenye alama za vidole vyake, majina ya waajiri wake na mshahara aliolipwa, ikiwa ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Wabelgiji nao, katika miaka ya 1930, walitoa kadi Rwanda, na kwenye kadi wakaandika kila mtu ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Walichokuta ni tofauti zilizokuwa na mlango: mtu aliweza kupanda au kushuka kwa ng'ombe, kwa ndoa, kwa kuwa karibu na mwami, yaani mfalme. Kadi iliufunga mlango huo. Huo ni uovu wa mkoloni na hauna mjadala.

Lakini Rwanda ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Grégoire Kayibanda alizikuta kadi akaziacha. Juvénal Habyarimana alimpindua mwaka 1973, naye akaziacha. Mstari mmoja kwenye fomu ya serikali ungefutwa mchana mmoja. Haukufutwa kwa miaka 32, kwa sababu ulikuwa unafanya kazi: uligawa nafasi za shule, ajira na vyeo. Mwaka 1994 kadi hizo hizo ziliombwa kwenye vizuizi vya barabarani, na lile neno lililoandikwa humo ndilo lililoamua nani apite na nani asipite. Baada ya hapo ndipo likaondolewa.

Bodi za mazao ni hadithi ya namna hiyo hiyo, ingawa haina damu nyingi. Waingereza walizianzisha wakati wa Vita ya Pili na muda mfupi baadaye. Ya kakao ya Ghana ilianza 1947. Maelezo yalikuwa kwamba bodi itanunua kwa bei tulivu, itaweka akiba miaka ya neema na kumlinda mkulima miaka ya njaa. Akiba ikawekwa London. Nkrumah na wenzake walipoingia walikuta chombo kinachomkata mkulima kabla hajaiona fedha yake, wakakipenda. Walikuwa na mambo makubwa ya kujenga, na bwawa la Akosombo, lililozinduliwa Januari 1966, si jambo dogo. Umeme wake unatumika mpaka leo. Ila mkulima alilipwa kidogo, kisha kidogo zaidi, kila serikali iliyokuja, ya kiraia na ya kijeshi, ikiendelea kumkamua. Uzalishaji uliozidi tani laki 5 katikati ya miaka ya 60 ulishuka chini ya laki 2 mwanzoni mwa miaka ya 80, na sehemu ya kakao iliyobaki ikawa inavushwa usiku kwenda Côte d'Ivoire.

Nikiishia hapo, msomaji makini ataniambia nimewaonea viongozi wa mwanzo, na atakuwa na hoja. Kalamu yao haikuwa huru kila mara. Guinea ilipiga kura ya hapana tarehe 28 Septemba 1958, ikikataa kubaki chini ya mwavuli wa Ufaransa, ikaadhibiwa papo hapo: wataalamu waliondolewa kwa mkupuo, simu zikang'olewa ofisini, mafaili yakachukuliwa au kuchomwa. Ujumbe haukuwa kwa Guinea pekee, majirani wote waliusoma. Sylvanus Olympio wa Togo alikuwa anaandaa sarafu ya nchi yake alipouawa, tarehe 13 Januari 1963, na askari waliorudi kutoka jeshi la Ufaransa waliotaka ajira. Sarafu ya CFA ya makoloni ya Ufaransa, iliyoundwa Desemba 1945, ilishushwa thamani kwa nusu Januari 1994, na neno la mwisho lilitoka Paris. Lumumba nimeshamtaja. Mtu aliyeona yote hayo akawa na hofu ya njama, hakuwa mwendawazimu.

Lakini hofu nayo ina mahali inapofika. Njama dhidi ya Sékou Touré, rais wa Guinea, zilikuwepo kweli. Novemba 1970 askari waliotumwa na Wareno walivamia Conakry kutokea baharini. Na pamoja na hayo, Boiro, kambi ya kufungia wapinzani, ilikuwa kambi yake. Diallo Telli, katibu mkuu wa kwanza wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, alifia humo mwaka 1977, kwa kunyimwa chakula na maji. Simu zilizong'olewa mwaka 1958 naziandika kwenye daftari la Ufaransa. Boiro siwezi kuiandika huko.

Mipaka nitaipitia haraka, kwa sababu naona imepewa uzito kuliko unaostahili. Ni kweli ilichorwa ovyo. Ni kweli pia kwamba Julai 1964, mjini Cairo, viongozi wa Afrika wenyewe walikubaliana kuiheshimu, kwa hoja iliyoletwa na Nyerere, ambaye miaka minne baadaye aliitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria. Somalia ilipinga. Na Somalia ndiyo inayoiumbua nadharia ya mipaka: ndani ya nchi ile watu karibu wote walikuwa na lugha moja na dini moja, kitu ambacho majirani wangekionea wivu, na ndiyo iliyosambaratika mwaka 1991. Kadhalika Liberia haikuwa koloni la Mzungu wa Ulaya, na Ethiopia iliishi chini ya Mwitaliano miaka mitano tu, lakini zote mbili zilipinduliwa na majeshi yao, Ethiopia mwaka 1974 na Liberia 1980.

Botswana hutajwa kila mara kama dawa ya mjadala huu, na nakiri inatamanisha. Ilipata uhuru Septemba 1966 ikiwa na kilomita 12 tu za lami, na hadi mwaka 1965 makao ya utawala wake yalikuwa Mafeking, nje ya mipaka yake, ndani ya Afrika Kusini. Mwaka uliofuata almasi iligunduliwa Orapa, katika eneo la Wangwato, watu wa Rais Seretse Khama mwenyewe. Serikali yake ilipitisha sheria kwamba madini ni ya taifa, si ya kabila, na mwaka 1975 ikarudi mezani na De Beers, kampuni ya almasi, na kupata nusu ya hisa. Kalamu iliyotumika vizuri namna hiyo ni adimu. Ila tuseme na upande wa pili: mwaka 1895 machifu watatu, Khama wa Tatu, Sebele na Bathoen, walisafiri hadi Uingereza kuzuia nchi yao isikabidhiwe kwa kampuni ya Cecil Rhodes, na wakafanikiwa kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo ukoloni uliowapata ulikuwa mwembamba. Mwingereza hakujenga kitu, lakini hakuvunja sana pia. Anayeitumia Botswana kuthibitisha kwamba ukoloni si kisingizio anasahau kwamba haikuonja ukoloni wa aina aliyoonja Mkongo.

Muda nao unaanza kutubana. Kenya ilitangazwa kuwa himaya ya Mwingereza mwaka 1895 na kupata uhuru 1963. Hesabu mwenyewe: mwaka 2031 umri wa uhuru utalingana na umri wa ukoloni. Mwaka 1965 Serikali ya Kenya ilitoa waraka wa sera uliosema fedha za maendeleo zipelekwe kule zitakakozaa haraka, penye mvua, udongo mzuri, barabara na umeme. Kwa maneno mengine, kule reli ilikokwishapita. Kaskazini, ambako mkoloni alikuwa amepafanya eneo la kufungiwa, pakasubiri. Lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika zaidi ya miaka 50 baada ya uhuru. Niuite huo urithi au uamuzi? Mwaka 1963 ulikuwa urithi. Kila bajeti iliyosomwa baada ya hapo uligeuka uamuzi kidogo kidogo, na siwezi kukuonyesha siku hasa ulipovuka mstari.

Kuna mahali reli na kalamu zimekutana kwa macho kabisa. Kidatu, Morogoro. Reli ya kati, aliyoijenga Mjerumani, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China ili Zambia isitegemee njia za makaburu, ina milimita 1,067, kwa sababu Zambia ilikuwa imeunganishwa na kusini kwa upana huo tangu enzi za Rhodes. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja. Behewa haliwezi kuvuka. Kontena likifika Kidatu linanyanyuliwa kutoka treni moja na kuwekwa kwenye nyingine. Vipimo viwili vya wakoloni wawili, na katikati yake uchaguzi wa serikali mbili huru zilizokaa na Wachina na kuamua ipi ifuatwe.

Sasa Tanzania inajenga njia ya tatu, ya milimita 1,435, na Kenya ilishatangulia. Ile ya Kenya ilizinduliwa mwaka 2017. Inaanzia Mombasa inaelekea Nairobi, mahali pengi ikiwa kando kando ya ile ya mwaka 1896. Nilipoona ramani yake mara ya kwanza nilitaka kuandika kwa hasira kwamba tumemwiga mkoloni hadi kwenye udongo. Kisha nikakumbuka kwamba bandari iko baharini, na bahari haikuchimbwa na Mwingereza.